Tiki Mbili za Ibtisam

Kila siku baada ya sala ya alasiri Rauf Shalabi alimtumia mkewe ujumbe kwenye simu, na mkewe alikuwa na miezi saba kaburini.

Msimcheke kwanza. Mkimcheka sasa mtamwona mzee aliyerukwa na akili, na Rauf hakurukwa. Ibtisam alipofariki, simu yake ilibaki kwenye rafu ya sebuleni, pale pale alipozoea kuichaji, ubavuni mwa ruta. Ilikuwa imefungwa kwa namba nne alizozijua mwenyewe. Rauf alijaribu mwaka wa ndoa yao. Akajaribu mwaka wa kuzaliwa binti yao, kisha namba ya nyumba ya baba mkwe kule Port Said. Simu ikamwonya kwamba akiendelea kukosea itafuta yote iliyokuwa nayo, naye akaiweka chini kama aliyeungua vidole.

Lakini hakuichomoa kwenye chaja hata siku moja. Na kwa kuwa ilikuwa bado inakamata waifai ya nyumba, kila alichokituma kilifika. Ilitokea tiki moja ya kijivu, maana yake ujumbe umetoka. Kabla hajapepesa jicho ikaja ya pili, maana yake umefika. Hapo rafuni simu ya marehemu ilitikisika kidogo, kioo kikawaka, jina la Rauf likaonekana, kikazimika. Alijua vizuri kwamba tiki hazitageuka buluu, kwa sababu hakuna wa kusoma. Hakutaka buluu. Alitaka ziwe mbili tu, basi.

Na alichoandika hakikuwa na maana kubwa. Leo nimekula maharage. Goti la kushoto limeanza tena. Paka wa Mama Rizq amezaa chini ya ngazi, watoto watano, mmoja ana sura ya kaka yako. Lile shati langu la kijivu ulilitia wapi? Mambo ambayo angemwambia akiwa jikoni na yeye yuko sebuleni, bila kuinua macho.

Sasa shida ikawa bando. Tangu msiba, bando la mwezi lilikuwa likiisha kufikia tarehe ishirini. Enzi za Ibtisam halikuisha hata mwezi mmoja, na walikuwa wawili. Leo mzee yuko peke yake, hatazami sinema, hachezi michezo, na bando linayeyuka. Likiisha, waifai inakufa; ujumbe wa Rauf unatoka kwa data kidogo ya laini yake, na tiki inabaki moja hadi mwezi uandame. Siku kumi kila mwezi Rauf alikuwa akiandika na maneno yake yakikwama mlangoni. Hizo siku kumi hakula vizuri wala hakulala vizuri.

Angeweza kununua bando jingine, mtasema. Alinunua mara mbili, na mara zote mbili moyo ulimuuma siku nzima. Sisi watu wa Dimyat tunasemwa kwa ubahili Misri nzima. Wanasema mgeni akitufikia jioni tunamuuliza, "Utakula, au utalala mwepesi?" Ni uzushi wa watu wa Port Said, ambao wao hulisha hadi mgeni ashindwe kusimama. Ibtisam, binti wa Port Said, alikuwa akiwarushia wageni swali hilo mbele ya mumewe huku anajaza sahani zao, na Rauf akicheka kwa kulazimishwa. Kwa hiyo la kununua mara ya tatu lilikuwa gumu. Alikwisha kata shauri kwamba kuna mtu anaiba, na dawa ya mwizi ni kufuli.

Alhamisi moja baada ya adhuhuri akamwita Wagdi, fundi wa simu mwenye duka mtaa wa pili, mwanamume wa makamo mwenye miwani ya kupandisha kichwani. Wagdi alikaa mbele ya ruta, akachukua simu ya Rauf, akaitazama, akaguna.

"Ami Rauf, una wageni humu ndani?"

"Wageni gani? Naishi peke yangu."

"Uko peke yako na vifaa kumi na vinne?" Wagdi akamgeuzia kioo. "Hesabu mwenyewe. Kumi na vinne vimo kwenye waifai yako sasa hivi. Ami, jengo zima linakula kwenye sinia lako."

Rauf alihisi damu inampanda. Miaka arobaini alichonga nakshi za viti na makabati, na hakuna aliyewahi kuondoka na hata patasi yake. "Wezi! Wafungie wote. Wote, injinia, usimbakize mtu."

"Nipe basi nenosiri la kuingilia kwenye ruta yenyewe."

"Sijui. Mambo haya alikuwa nayo marehemu. Yeye ndiye aliyeweka kila kitu."

"Na nenosiri la waifai?"

"Alikuwa ananiandikia yeye."

Wagdi akapangusa miwani kwa shati. "Basi hapa nitaichokoa nyuma kwa pini, irudi kama ilivyotoka kiwandani, nianze upya. Nitakuwekea nenosiri gumu, herufi kubwa, ndogo na namba, na ulinzi wa kisasa. Hiki kitufe cha kuunganisha bila nenosiri nakizima. Atakayeingia hapa tena awe jini. Jina la mtandao nibadilishe?"

"Jina liache."

Jina la mtandao lilikuwa Ibtisam. Alijipa mwenyewe siku ruta ilipoletwa, na Rauf alimtania kwamba sasa kila apitaye mtaani atamwona mkewe kwenye simu. Leo alilisema lile "liache" kwa ukali kidogo, na Wagdi akainua kichwa.

"Sawa, jina libaki. Ukiacha simu yako, kuna kifaa kingine cha kuunganisha?"

Rauf akatazama rafuni. Hapo ndipo mambo yalipoharibika, na ningekuwepo ningemfinya. Aone haya gani, mtu mzima? Lakini alimwazia Wagdi akirudi dukani, akiwasimulia wateja kwamba yule Rauf mchongaji anamwandikia maiti. Na zaidi ya aibu, alikuwa na hesabu yake ya kifundi. Makabati aliyotengeneza maisha yake yote yalifundisha jambo moja tu kuhusu kufuli, kwamba ukilifunga kabati, kilichomo ndani kinabaki ndani. Simu ya Ibtisam imo ndani ya nyumba. Haijatoka hata ukumbini. Kufuli ni la walio nje.

"Hakuna kingine," akasema.

"Na ile pale?"

"Ya marehemu ile. Iache ilivyo."

"Mungu amrehemu," Wagdi akasema, akainamisha kichwa, na kwa adabu hakuuliza zaidi.

Akaingiza pini kwenye kitundu, akahesabu kimoyomoyo. Taa za ruta zikazimika zote, zikarudi moja moja. Akaandika, akabofya, akachukua tena simu ya Rauf, akafuta kilichokuwemo na kutia nenosiri jipya. Lile jipya akaliandika kwa kalamu kwenye kipande cha karatasi, akalibana chini ya ruta. "Umeshakuwa benki kuu, Ami," akasema, akaenda zake.

Rauf alisali alasiri kwa raha ambayo hakuwa nayo kwa wiki nyingi. Akaketi kwenye kiti chake, akaandika kwa kidole kimoja: Nimewafungia wezi. Sasa hatukatiki tena.

Ilitokea tiki moja.

Akangoja. Akatazama rafuni, simu imetulia tuli. Akaamka, akaweka simu yake ubavuni mwa ile nyingine, pengine umbali ndio unaosumbua. Tiki moja. Akaandika tena: Umepata? Tiki moja. Akapapasa chaja, akaona inachaji vizuri. Akaisogeza simu ya Ibtisam hadi ikaigusa ruta. Mwisho akampigia Wagdi.

"Ile simu ya marehemu haipokei."

"Haiwezi kupokea, Ami. Haina nenosiri jipya. Ifungue uitilie, dakika moja tu."

"Imefungwa. Namba yake siijui."

"Lakini si nilikuuliza?"

"Iko ndani ya nyumba, Wagdi! Hukusema unafungia na walio ndani!"

"Ami yangu, waifai haijui ndani wala nje. Inamjua mwenye nenosiri na asiye nalo."

"Basi rudisha la zamani. Rudisha kama ilivyokuwa, wezi waendelee kula kwa raha zao, sitaki kitu tena."

"Tukilijua la zamani ni kazi ya kufumba na kufumbua. Nalirudisha kwenye ruta, na ile simu inaingia yenyewe, haiulizi mtu. Lilikuwa nini?"

"Sijui! Nimekwambia alikuwa anaandika yeye!"

"Ruta nimeifuta. Simu yako nimeifuta mbele ya macho yako." Sauti ya Wagdi ilikuwa imepoa, kama ya daktari. "Nani mwingine alikuwa nalo?"

Rauf alitaka kusema hakuna. Kisha akakumbuka vifaa kumi na vinne. Ukitoa simu yake, ukitoa ya Ibtisam, vinabaki kumi na viwili.

"Wezi," akasema polepole.

"Naam. Watafute wezi wako, Ami. Ukimpata mmoja, nipigie. Simu nyingi siku hizi naweza kulitoa humo."

Hakulazimika kutafuta. Alikuwa bado ameshika simu mlango ulipobishwa, na pale kizingitini alisimama Mama Rizq, jirani wa mlango wa pili, mkononi sahani ya mishabiki, vile vitamu vya kukaangwa vya Dimyat, bado ya moto, inang'aa shira.

"Fundi Rauf, za mchana? Hii sahani ni ya Ibtisam, Mungu amweke pema, imekaa kwangu siku nyingi, nikasema isirudi tupu. Haya niambie, waifai yetu imepatwa na nini leo? Binti yangu anaongea na mumewe Kuwait, imekatika katikati ya neno."

"Waifai yenu?" Rauf akasema. Alidhani mwizi hunyata. Huyu amekuja na vitamu.

"Ya Ibtisam, basi. Ile ile."

"Kwa hiyo ni nyinyi. Jengo zima mnaniibia, na marehemu hana habari!"

Mama Rizq akaweka sahani juu ya meza ya viatu. Alikuwa mwanamke mnene mwenye hasira za karibu, lakini alipoona uso wa Rauf hasira zikamwishia. "Marehemu hana habari? Fundi, yeye ndiye aliyetupa. Tangu siku ya kwanza. Ngoja usikie kwa masikio yako, usije ukasema nasingizia maiti."

Akafungua simu yake, akapandisha kidole juu, juu, juu sana, akabonyeza. Na hapo ukumbini, kati ya viatu na sahani, Ibtisam akaongea.

"Mama Rizq, mwenzangu, bando lilikatika, nimeshaliongeza kwa hela za ushonaji. Mwambie na mwalimu Makram huko juu. Ila Rauf asijue, nakuomba. Akijua atatulaza wepesi jengo zima!" Akacheka kile kicheko chake cha kukatika katikati kwa kikohozi.

Rauf akaketi kwenye ngazi, mlango wazi nyuma yake.

"Irudie," akasema.

Mama Rizq akairudia. Akairudia mara ya tatu bila kuambiwa. Mzee alikuwa ametuma jumbe zaidi ya mia mbili, na kwenye simu yake hakuwa na hata sekunde moja ya sauti ya mkewe. Watu wanaokula sinia moja hawarekodiani. Majirani walikuwa na sauti yake tele, wakiihifadhi bila kujua wanahifadhi nini, na yeye mumewe hakuwa nayo. Alimlilia pale ngazini wazi wazi, na Mama Rizq akageuka ukutani asimtie aibu.

"Kila mwezi ikifika tarehe ishirini alikuwa anaongeza," akasema kwa ukuta. "Alipofariki tukaona inakatika. Tukasema Fundi anatuonea huruma, anaiacha hivyo hivyo, tusimsumbue."

Kisha Rauf akakumbuka, akasimama ghafla hadi goti likalia. "Nenosiri! Lile la zamani, Mama Rizq, lilikuwa nini?"

"Nani analijua? Aliandika yeye, simu kwa simu, kaziba kwa kiganja, anacheka."

"Simu yako inalijua. Wagdi anaweza kulitoa. Nipe simu yako."

"Haya, lakini hiyo simu yangu leo haina akili. Mchana imeniambia nenosiri si sahihi. Nikaandika Ibtisam, ikakataa. Nikaandika Rauf, ikakataa. Nikaandika Port Said, ikakataa, nikaitukana nikaiacha."

Kwa ghafla Rauf hakupenda alichokisikia. Akapaza sauti kwenye uwazi wa ngazi: "Mwalimu Makram! Mwalimu, teremka!"

Mwalimu Makram, mstaafu wa hesabu wa ghorofa ya tatu, aliteremka na karatasi mkononi, na nyuma yake wakaja wengine, maana kelele za ngazini kwetu hazina mwenyewe. "Nilikuwa nakuja," Makram akasema. "Nimejaribu kwa utaratibu. Maneno ishirini na matatu kwa simu yangu, na kwa simu ya mke wangu kumi na moja. Haya hapa yote, niliyoshindwa nimeyapiga mstari." Wa ghorofa ya nne nao walikuwa wamejaribu. Mabinti wa ghorofa ya kwanza walijaribu hadi tarehe za kuzaliwa waimbaji.

Rauf akampigia Wagdi, akaweka sauti wazi, akamweleza. Ngazi nzima ikasogea kumsikiliza Wagdi.

"Kila aliyeandika jingine juu yake amelifuta la zamani," Wagdi akasema. "Simu haishiki mawili. Laiti tungebadilisha lile jina, Ami, simu zao zisingeuliza kitu, wangebaki nalo lote. Lakini jina ni lile lile, kwa hiyo zimeuliza, na watu wamejibu."

"Hata moja haijabaki?"

"Sijui. Kuna mtu yeyote hapo ambaye leo hajaigusa simu yake?"

Walitazamana. Makram akashusha karatasi yake. Mama Rizq akafunika mdomo kwa ncha ya mtandio. Katika jengo lile hapakuwa na mtu ambaye angeweza kukaa mchana kutwa bila kuigusa simu.

"Kuna mmoja," Rauf akasema.

Kila aliyemwelewa aliinamisha macho. Nenosiri la zamani lilikuwa limebaki mahali pamoja tu, zima, halijaguswa, ndani ya simu iliyo rafuni, nyuma ya namba nne.

"Ami," Wagdi akasema, "nisamehe."

Mama Rizq alikuwa analia sasa. "Ni sisi, Fundi. Ni vidole vyetu hivi. Tusamehe."

Rauf alitafuta hasira ndani yake, maana kukasirika kungemsaidia, akaikosa. Angemkasirikia nani? Makram na karatasi yake? Alitaka tu mtu amwambie afanye nini, na wote waliosimama pale walikuwa wanamngoja yeye.

"Ile sauti," akamwambia Mama Rizq. "Nitumie."

"Nitakutumia sasa hivi." Akabofya, akasimama. "Nitakutumia kwa waifai gani, Fundi?"

Akaingia ndani, akachomoa karatasi chini ya ruta, akarudi nayo. Hakuwasomea. Alipokea simu moja moja, akaandika mwenyewe kwa kile kidole chake kinene, akikagua kila herufi kubwa na kila namba. Simu za Mama Rizq na bintiye, za Makram na mkewe, za wa juu na za wa chini, hadi zikatimia kumi na mbili. Ilimchukua karibu saa nzima. Hakuna aliyecheka wala kuharakisha. Mabinti walisema ahsante Ami kwa sauti ndogo. Makram aliacha karatasi yake kwenye meza ya viatu, labda kwa kusahau.

Walipoondoka akafunga mlango. Simu yake ikalia, ni ile sauti ya Ibtisam imefika kutoka mlango wa pili. Hakuifungua kwanza. Akaketi karibu na rafu, karatasi gotini, akafungua mahali alipozoea kumwandikia mkewe.

Akamwandikia nenosiri. Kama anavyoandikiwa mtu yeyote wa nyumba aliyesahau: Nenosiri jipya ni hili. Akaliweka lote, herufi kubwa kwa herufi kubwa, namba kwa namba, akatuma.

Tiki moja.

Akachukua karatasi, akailinganisha na alichokituma, polepole, mara mbili, pengine amekosea mahali. Hakuwa amekosea.